Mchirizi kwenye Mlango wa Dereva

Kila anayepanda baraza yangu hapa Magongo huelekezea kidole lori moja. Yako kumi na manne madogo ya plastiki kwenye rafu, yote nimeyaunga kwa mikono hii, lakini nyinyi vijana mnalitaka lile la kijani, la tatu kutoka dirishani. Mnauliza nimelipaka nini hata likang'aa vile, boksi lake niliagiza wapi, na kama nitawafundisha kutengeneza jingine kama hilo. Nami huwajibu kwamba lile ndilo nililokosea. Mnacheka, mnadhani mzee anajishusha ili asifiwe zaidi. Wallahi sijishushi. Mimi si mtu wa kujishusha, muulizeni mke wangu.

Nilipaka malori rangi miaka thelathini na mitatu, katika gereji moja ya Changamwe ambayo siku hizi ni yadi ya makontena. Nilistaafu kwa ajili ya kifua, maana wakati wetu kinga ya pua ilikuwa leso ya mkeo. Haya malori madogo niliyajua baadaye. Binti yangu anayeishi ng'ambo alikuja likizo na boksi lenye picha nzuri juu, akaniambia, baba, usikae bure. Nilipolifungua sikuona lori. Niliona fremu za plastiki zenye vipande zaidi ya mia mbili, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, na kitabu cha michoro kisicho na neno hata moja ninalolijua. Nilikasirika kidogo, kisha nikaanza kutaka kujua kipande namba sabini na tisa ni cha nini. Mpaka leo sijaacha kutaka kujua.

Lori lile la kwanza lilikuwa la Kimarekani, lenye pua ndefu na mabomba mawili ya moshi yaliyosimama. Nilikiunga kichwa chake siku tatu, kisha nikafanya kosa ambalo fundi rangi wa malori tu angelifanya. Nilichukua rangi yangu ya kazi, rangi ya chuma, nikaipunguza kwa thina ile ile niliyoizoea maisha yangu yote, nikapuliza. Plastiki ililainika huku naiona. Paa likabonyea, milango ikajikunja. Mke wangu alipita, akasimama, akaniuliza ajali hii imetokea barabara gani, na kama dereva amepona.

Basi, somo la kwanza ni hilo: plastiki si chuma. Jaribuni rangi kwanza kwenye fremu tupu, ile mnayokata vipande mkaitupa. Na kabla ya rangi, osheni vipande kwa maji na sabuni, kwa sababu vinatoka kiwandani na mafuta yasiyoonekana, na rangi haishiki juu ya mafuta. Vioo visibandikwe kwa gundi kali ile ya tone moja; mvuke wake hukigeuza kioo kikawa cheupe kama jicho la samaki aliyepikwa. Tumieni gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani. Tena msipulize siku ya mvua. Hewa yetu hapa ina maji mengi, rangi hufifia ikawa na ukungu. Mimi hupuliza saa nne asubuhi, jua limeshapanda na mke wangu ameshaanua nguo zake, maana hilo nalo nilijifunza kwa gharama.

Mnaniuliza sana boksi gani mnunue. Kwa kawaida nilikuwa nawaambia mtazame mambo matatu. Kwanza, idadi ya ekseli, vile vyuma vinavyobeba magurudumu: lori la huku kwetu la kuvuta kontena lina mbili nyuma za kusukuma, msidanganywe na picha. Pili, usukani uko wapi. Maboksi mengi yana usukani kushoto, na mtu asiyejua ataunga lori zuri kisha jirani yake aliye dereva amcheke. Kuuhamisha si kazi kubwa, unaikata dashibodi katikati kwa wembe, unabadilisha pande, unajaza ufa. Tatu, kichwa kiwe bapa kama tunavyovijua barabarani, si pua ndefu, isipokuwa mtu apende sinema. Siku hizi nauliza swali jingine kabla ya hayo matatu, na swali hilo nilifundishwa Kiembeni.

Lakini nianze na mwalimu wangu, Fundi Salehe, mtu wa Jomvu Kuu, aliyenipokea gereji nikiwa sijui hata kushika msasa. Salehe alikagua lori lililopakwa huku mikono ameifunga nyuma. Alisimama pembeni, akafumba jicho moja, akaangalia ubavu wote kwa urefu, akaona kasoro ambayo wengine hatukuiona hata tukionyeshwa. Kugusa ilikuwa haramu. "Rangi huguswa kwa macho," alikuwa akituambia. Wiki yangu ya pili niligusa bodi la lori la sukari nikitaka kujua limekauka. Lilikuwa halijakauka. Alama ya kidole changu ilisimama pale katikati, na Salehe akanifanya nisugue ubavu mzima kwa msasa wa maji, peke yangu, siku mbili, kisha akanipa kuosha mapipa ya thina mwezi mzima. Tangu hapo nikawa mtu wa mikono nyuma. Hata nikienda arusini nikaona kabati zuri, mikono yangu hukimbilia mgongoni yenyewe.

Sasa nije kwa Dama, aliyenifikisha Kiembeni. Alikuja hapa asubuhi moja, mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, amefunga leso vizuri, na bahasha mkononi. Alinipa shikamoo, akakaa, akaniuliza hali yangu na ya nyumbani kabla ya kusema haja yake, jambo lililonipendeza. Alisema anatoka Kiembeni, na jirani yao mmoja alikuwa amenunua lori kwangu. Baba yake, Mzee Kazungu, alikuwa dereva wa masafa, Mombasa hadi mpakani na kurudi, gari moja miaka ishirini. Kisukari kimemla macho. Alipoona taa za barabarani zinakuwa mbilimbili alirudisha ufunguo mwenyewe, hakungoja kufukuzwa, na mwaka uliofuata macho yakazimika kabisa. Hilo alilistahimili. Lililomwangusha ni habari kwamba lori lake limekatwa likauzwa vyuma chakavu.

"Tangu siku hiyo hajavaa viatu, baba," Dama aliniambia. "Ni ndala, kitandani na kitini, kitini na kitandani. Mlangoni hatoki. Watu wakija anawajibu salamu, basi. Daktari asema atembee, asipotembea miguu nayo itakwenda. Mimi nimeshamwomba mpaka nimechoka."

Alikuwa na wazo kwamba akipata lori lake mkononi, japo dogo, pengine atainuka. Akanitolea picha kwenye bahasha. Niliitazama, na moyo wangu ukaruka. Kichwa cha kijani chenye mstari mweupe kiunoni. Lori lile nililipaka mimi. Niliikumbuka kijani ile kwa sababu haikutoka koponi, niliichanganya mwenyewe mbele ya Salehe, ndiyo mara yake ya kwanza kuniachia kuchanganya. Nilimwambia Dama aende akamwambie baba yake lori linakuja, na si lori tu, bali na rangi yake yenyewe, kutoka mkono ule ule.

Wiki mbili nilichanganya. Nilikuwa na vijiko vya plastiki thelathini vimepakwa kijani tofauti, nimevianika ukutani, mke wangu akipita anahesabu akitikisa kichwa. Nilipoipata, niliipata kweli. Nikapuliza kanzu saba nyembamba, maana sisi mafundi tabaka la rangi huliita kanzu, nikasugua kati ya kila kanzu kwa msasa laini kuliko karatasi, nikamalizia kwa vanishi na nta. Usukani kulia. Mstari mweupe kiunoni. Lile mnaloliona pale rafuni, ndilo hilo.

Nililipeleka Kiembeni ndani ya boksi la viatu, nimelifunga kwa pamba. Mzee Kazungu alikuwa kitini, mtu mrefu aliyekunjwa na kukaa, ndala miguuni. Dama alimwekea lori mapajani. Kwa hakika nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Alilipitisha vidole mara moja, kutoka mbele hadi nyuma, kwa adabu, kama anavyopokea mtu mtoto wa mgeni. Halafu akasema, "Ahsante fundi. Ni lori zuri. La nani?"

Nilimwambia ni lake, na nikamweleza rangi, kanzu saba, na kwamba lile kubwa nalo nililipaka mimi gereji ya Changamwe. Akaitikia kwa kichwa. Akamrudishia Dama lori, akakunja mikono. Nilipoaga, hakuinuka. Nyinyi mnajua kwetu pwani mgeni husindikizwa, hata na mgonjwa, japo hatua tano hadi kizingitini. Dama ndiye aliyenitoa mpaka njiani, akiniomba radhi huku anafuta macho, na lori akanirudishia kwa sababu aliona linamuumiza.

Nilirudi nimekasirika. Nasema kweli, nilimkasirikia kipofu kwa kutoiona rangi yangu, na nilifika Magongo kabla ya kusikia upumbavu wa jambo hilo. Mke wangu ndiye aliyenisaidia, bila kukusudia. Alikuwa anachagua mchele, macho yake yako kwa jirani anayezungumza naye, na vidole peke yake vinatoa mawe. Nikamtazama muda mrefu. Kisha nikaingia ndani, nikalitoa lori kwenye boksi, nikafumba macho, nikaligusa. Mnaweza kufikiri ni kitu gani nilikiona? Sabuni. Kipande cha sabuni chenye magurudumu. Nilikuwa nimesugua mpaka nimefuta mistari ya milango. Miaka thelathini na mitatu nimepaka malori na sikujua hata moja linakuwaje mkononi, kwa sababu nilifundishwa kutogusa, na nilifundishika vizuri mno.

Hasira zikaisha, udadisi ukashika mahali pake. Siku ya tatu nilirudi Kiembeni mikono mitupu, nina daftari tu. Nikamwambia Mzee Kazungu kwamba mimi lori lake nililijua siku tatu, yeye miaka ishirini, kwa hiyo sasa fundi ni yeye. Naomba anionyeshe.

Mzee alijisugua magoti kwa viganja. Kisha akanyanyua mikono yote miwili hewani na kuanza kulizunguka lori ambalo halikuwapo. Alisema kila asubuhi kabla ya safari alilizunguka hivyo, gizani, maana yadini taa zilikuwa mbovu, akianzia bampa la mbele. Hapa kushoto limepinda kwa ndani, kiasi cha kuingia ngumi, liligonga nguzo ya geti la watu fulani. Hapa mkono wa kioo umefungwa kwa utepe wa tyubu, mizunguko minne. Hapa kila tairi linagongwa kwa chuma, lenye upepo linalia, lisilo na upepo linanung'unika. Hapa ngazi ya chini ilikatika Mariakani, ikaungwa kwa nondo, na nondo ina meno, inashika soli hata ukiwa na matope. Mimi naandika, narudi nyuma, nauliza, mizunguko minne au mitano, meno yanaelekea wapi. Dama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai kinachopoa. Baadaye aliniambia hakuwahi kusikia baba yake akisema maneno mengi hivyo tangu macho yaondoke.

Mikono ikafika mlango wa dereva. Kidole gumba chake kikasimama chini kidogo ya mahali pa kitasa.

"Na hapa," akasema, "pana ule mchirizi wako."

Nilihisi uso wangu unawaka. Wanangu, jambo hili sikuwa nimemwambia mtu, hata mke wangu. Siku ya kupuliza rangi ile tuliyoichanganya jana yake, Salehe alikuwa amekwenda maziko kwao Jomvu Kuu, akaniachia kazi yote peke yangu. Mawingu yalikuwa yanakuja, na dereva, ambaye ndiye Kazungu huyu akiwa kijana, alikuwa amekaa juu ya tairi ananitazama. Nilifanya haraka, nikalisogeza mno bomba la kupulizia karibu na kitasa, rangi ikazidi, ikateremka. Mchirizi mwembamba, urefu wake kama wa kijiti cha kiberiti. Dawa yake inajulikana: unaacha ukauke, unausugua, unapaka upya ubavu wote, siku mbili zimepotea. Mimi nilimwambia Kazungu aligeuze lori, upande wa dereva uelekee ukuta. Salehe aliporudi alikagua upande wa kushoto kwa jicho lake moja. Kulia hakukuwa na nafasi ya kusimama. Akanipiga bega, akasema sasa nimekuwa fundi. Pongezi ile nimeila miaka yote hii ikiwa na mchanga ndani yake.

Nilimwomba Mzee Kazungu radhi pale pale. Nilisema nilijua, niliuficha, na haikuwa haki yake kupewa gari lenye kasoro.

Alishangaa. "Radhi ya nini, fundi? Yadini tulikuwa na vichwa kumi na sita vya kijani, na gizani vyote sawa. Alfajiri mimi nikipanda, kidole hiki kinaulalia. Nikiukosa, najua hili gari la mtu, nateremka. Wenzangu walikuwa wakipanda ya watu mpaka wanatukanwa. Mimi hata siku moja."

Basi nikanunua boksi jingine, na hapa ndipo lilipozaliwa lile swali langu la kwanza: lori hili ni la kutazamwa au la kushikwa? La kutazamwa, chagueni lenye vipande vyembamba na vioo vya kung'aa. La kushikwa, tafuteni lenye mistari iliyochimbwa ndani sana, milango inayofunguka, vitasa vilivyotokeza, na vipande vidogo mvibadilishe. Vioo vya pembeni nilivitengeneza upya kwa waya wa shaba, kwa sababu mkono unaotafuta utaking'oa cha plastiki siku ya kwanza. Utepe wa tyubu ni tyubu kweli, ya baiskeli, niliukata kwa wembe, mizunguko minne. Bampa nililipasha kwenye mvuke wa birika nikalisukuma kwa ndani na upande wa nyuma wa kijiko. Ngazi nilichukua skrubu nyembamba ya saa, nikaikata kichwa, ile mistari yake ya kuzunguka, tunayoiita hesi, ikawa meno ya nondo. Matairi ya boksi ni mpira mtupu ndani, yote hutoa sauti moja, nikayajaza nta yapate uzito, nikaliacha moja tupu.

Mchirizi ulinishinda. Mcheke tu. Mtu aliyekula mkate kwa kuzuia rangi isiteremke aliketi hapa barazani siku tano akiibembeleza iteremke, ikakataa. Ikiwa nzito inaganda kama tone, ikiwa nyepesi inatandaa yote na kupotea. Vijiko vikarudi ukutani. Mwishowe nilifanya kama nilivyofanya siku ile: nikaharakisha. Nikasimamisha lori kwa magurudumu yake, nikachovya sindano, nikagusa chini ya kitasa bila kufikiri sana, nikageuka nikaondoka. Niliporudi ulikuwa umesimama hapo, mwembamba, urefu wa punje ya mchele. Sikuusugua. Mikono ilitaka kuchukua msasa, nikaifunga nyuma.

Kiembeni nilimkuta kitini kama awali. Nililiweka lori mapajani pake, nikasogea, sikusema rangi, sikusema kanzu ngapi. Alianza na bampa. Ngumi haiingii hapo, lakini ncha ya kidole iliingia, naye akatoa sauti ndogo puani. Akahesabu mizunguko ya tyubu. Akagonga tairi moja moja kwa ukucha, ameinamisha sikio, na alipofika lile la nyuma kushoto akaligonga mara mbili.

"Hili halina upepo," akasema.

Nilimwambia kweli, nitalitia. Akapapasa ngazi, akakaa kidogo kwenye meno ya nondo. Kisha akapanda mlangoni. Kidole gumba kilikuwa kikubwa mno kwa mlango ule, akatumia kidole cha mwisho, ukucha wake, akashuka nao polepole chini ya kitasa. Ukucha ukakwama. Akaurudisha juu, akashuka tena, ukakwama mahali pale pale. Dama alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

Hakulia, wala hakucheka. Alibaki na ukucha wake pale muda mrefu, na mimi nilitamani Salehe angalikuwa hai nimwambie yote, la ukuta na hili.

"Dama," akasema mzee, "niletee viatu."

Dama hakuelewa, akauliza vipi. "Viatu," akarudia. "Gari halipandwi kwa ndala."

Vililetwa vya ngozi nyeusi, vumbi limevikaa. Akavifuta kwa kiganja, akavaa mwenyewe, kulia kwanza, akafunga kamba kwa fundo la mtu anayekwenda mbali. Lori akalitia kwapani. Kisha akaniuliza kama nimekuja kwa matatu, na nilipomwambia ndiyo, akainuka akanyoosha mkono wake wa pili kunitafuta, anisindikize mpaka barabarani.